Kabla ya Kununua Laini, Uliza Mlingoti Uko Wapi

Kwa susu wangu huko Mwingi kuna jiwe. Ni jiwe la kawaida tu, kubwa kama meza ya watu wanne, liko nyuma ya boma ukishapita zizi la mbuzi. Lakini kila mtu wa familia yetu analijua, kwa sababu kwa miaka mingi ndipo mahali pekee simu ilikuwa inashika. Ukitaka kupiga, unapanda. Ukitaka kutoa pesa, unapanda kwanza uone kama meseji imeingia. Nikiwa darasa la tatu nilidhani susu huwa anapanda pale kuomba Mungu, maana alikuwa anaongea peke yake huku akiangalia juu.

Na si kila laini ilishika kwa lile jiwe. Ilikuwa moja tu. Binamu zangu wa Nairobi wakija Krismasi na laini zao zingine za bando za bei nafuu, simu zao zilikuwa zinageuka tochi mpaka Januari.

Mwaka jana nami nikapata jiwe langu. Nilikuwa nimehamia keja mpya, bedsita ya chini kabisa, ukuta wa mawe, ploti imezungukwa na maghorofa kila upande. Nilinunua laini ya kampuni fulani (sitaitaja, tuko kwa mazungumzo) kwa sababu tangazo lao lilikuwa linaimba kasi, kasi, kasi. Dukani nilipoijaribu ilipaa. Nikafurahi, nikalipia bando la mwezi mzima. Kesho yake nilikuwa na mahojiano ya kazi ya kuhariri video, kwa simu, saa nne asubuhi. Dakika ya sita uso wa yule mama aliyekuwa ananihoji ukaganda mdomo wazi. Nilitoka nje mbio nikiwa na shati la heshima juu na kaptura ya kulala chini, nikasimama karibu na kamba za nguo ili nisikike. Alipomaliza aliniambia kwa upole kwamba kazi yao inataka mtu mwenye intaneti ya kuaminika. Kazi ikaenda.

Kwa hivyo kila wiki mkiniuliza kwa inboksi, "Boss, netiweki gani iko poa?", huwa nashindwa kujibu kwa neno moja. Jibu langu linaanzia mwaka 1993. Vumilia kidogo, si mbali vile.

Enzi hizo kila kitu cha simu Kenya kilikuwa mikononi mwa shirika moja la serikali, KPTC: barua, simu za mezani, vibanda vya simu vya barabarani, yote. Kupata simu ya nyumbani ulikuwa unaomba, halafu unangoja miaka. Hata kufikia mwaka 2000, nchi yenye watu karibu milioni 30 ilikuwa na laini za mezani kama laki tatu hivi. Mwaka 1993, ndani ya shirika hilo hilo, kikaanzishwa kitengo kidogo cha simu za mkononi. Hicho kitengo ndicho mnakijua leo kama Safaricom. Simu zenyewe zilikuwa za analogi, zito kama tofali, na bei yake ilikuwa mamia ya maelfu ya shilingi. Aliyekuwa nayo alikuwa waziri, mkurugenzi, ama mtu ambaye hutaki kujua anafanya kazi gani.

Mwaka 1996 wakahamia GSM, ule mfumo wa dijitali unaotumia kadi ya simu. 1997 Safaricom ikasajiliwa kama kampuni. 1999 KPTC ikapasuliwa mara tatu: Telkom Kenya, Posta, na msimamizi wa sekta, CCK, ambaye leo anaitwa Mamlaka ya Mawasiliano. Halafu mwaka 2000 ndio mchezo ukaanza kweli. Vodafone ya Uingereza ilichukua asilimia 40 ya Safaricom na ikamleta Michael Joseph kuiongoza, wakati kampuni ilikuwa na wateja wasiofika elfu 20. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo mshindani akaingia: KenCell, ya Vivendi ya Ufaransa pamoja na Sameer Group ya Naushad Merali. Oktoba Safaricom nayo ikazinduliwa upya.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu wengi wenu mnadhani Safaricom ilishinda kwa sababu ilikuwa na netiweki bora. Wazee wa 0722 na 0733 watakuambia vingine. KenCell haikuwa takataka. Ililenga watu wa ofisi, watu wa tai, na watu hao waliipenda. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye kulipa. KenCell ilihesabu kwa dakika. Ukiongea sekunde 10, umelipa dakika nzima. Safaricom ikahesabu kwa sekunde.

Sasa fikiria Mkenya wa mwaka 2001. Kredo ni ghali, kadi ya simu yenyewe ni ghali. Anataka kusema nini? "Nimefika." "Shuka steji." "Mathe anakuita." Hayo ni maneno ya sekunde nne. Kwa KenCell hizo sekunde nne ni dakika. Kwa Safaricom ni sekunde nne. Na kama hata hizo huna, unapiga inalia mara moja unakata, mwenzako anajua. Tulikuwa na lugha nzima ya kuflashi: mara moja ni "nimefika", mara mbili ni "nipigie". Michael Joseph mwenyewe aliwahi kusema hadharani kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, na watu wakakasirika mpaka leo bado wanamkumbusha. Lakini ukiangalia vizuri, kampuni yake ndiyo iliyojengwa juu ya hizo tabia. Wakati anaondoka 2010, wale wateja wasiofika elfu 20 walikuwa zaidi ya milioni 16.

Kwa hivyo andika hiyo kando: mara ya kwanza Wakenya walipochagua mtandao, hawakuchagua kasi. Walichagua namna ya kuhesabiwa.

Wateja wengi wakaleta pesa, pesa zikaleta milingoti, milingoti ikaleta wateja wengine wa mbali zaidi. Huo ndio mzunguko wenyewe. Mlingoti si chuma tu. Unataka stima, na kama hakuna stima unataka jenereta, na jenereta inataka dizeli, na dizeli inataka barabara ya kuileta. Unataka mlinzi. Unataka njia ya kuunganisha huo mlingoti na mwingine, ama kwa waya wa faiba ama kwa mawimbi kutoka kilima hadi kilima. Kampuni ikifika mahali kama Mwingi ndani, inahesabu: hawa watu ni wangapi, watanunua kredo ya pesa ngapi? Anayefika wa kwanza anachukua wote. Anayefuata anaona hakuna aliyebaki wa kumlipia dizeli, anageuza gari. Hiyo ndiyo historia fupi ya jiwe la susu.

KenCell nayo ilikuwa na shida nyingine: jina. 2004 ikawa Celtel. 2008 ikawa Zain. 2010 Bharti ya India ikainunua pamoja na nchi nyingine za Afrika, ikawa Airtel. Majina manne ndani ya miaka kumi. Mbuyu wangu alikuwa na namba moja ya 0733 iliyopitia yote manne bila yeye kubadilisha hata kadi. Maoni yangu, na mnaweza kunipinga: kila mwenye mali mpya alikuja na rangi mpya, mabango mapya, mpango mpya, na mtu wa kijijini akabaki anangoja mlingoti. Rangi haishiki simu.

Mwaka 2008 uwanja ulijaa. Telkom Kenya, ambayo France Telecom ilikuwa imenunua asilimia 51 yake, ikaleta Orange. Mwisho wa mwaka ikaingia yu, ya kampuni ya Essar kutoka India. Kampuni nne! Sisi watoto tulikuwa tunakusanya kadi za kukwangua kama stika za mpira. Na kila nyumba ilikuwa na mtu wa laini mbili, simu mbili, moja ya kupiga huku na moja ya kupiga kule, kwa sababu kupigia mtandao mwingine kulikuwa kunauma. Baadaye zikaja simu za Kichina za laini mbili ndani ya mwili mmoja, zingine zikiwa na spika za kuamsha mtaa mzima. Nyingi zilikuwa feki, na serikali ikazizima mwisho wa Septemba 2012. Kuna watu waliamka asubuhi hiyo wakadhani ni betri.

Kwa nini kupigia mtandao mwingine kulikuwa ghali? Kwa sababu ukiwa kampuni moja na unampigia mtu wa kampuni nyingine, kampuni yako inamlipa yule mwingine ada ya kupokea simu hiyo. Agosti 2010 CCK ikaishusha hiyo ada kutoka shilingi 4.42 kwa dakika hadi 2.21. Nusu kamili. Zain, ambayo ilikuwa karibu kugeuka Airtel, haikungoja: ikatangaza dakika kwa shilingi 3 kwa mitandao yote, na meseji shilingi 1. Wengine wakalazimika kushuka. Kama una mjomba ambaye anaongea kwa simu mpaka inakuwa moto sikioni, alianza hiyo tabia mwaka huo.

Kwa hesabu ya kawaida, hapo Wakenya walitakiwa kuhama kwa wingi. Na mwezi wa Aprili 2011 CCK ikafungua mlango kabisa: unaweza kuhama kampuni na ubaki na namba yako. Kila mtu alingoja mafuriko. Hayakuja. Watu walionunua laini ya pili ya Airtel walikuwa wengi, lakini waliohamisha namba yao ya kwanza walikuwa wachache sana.

Unajua kwa nini, hata kama hukuwa umezaliwa. Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Kufikia 2011, namba yako haikuwa tena ya kuongea tu. Ilikuwa benki yako, karo ya shule, chama cha mathe, mkopo wa rafiki. Ukihamisha namba, M-Pesa haikufuati. Hebu mwambie mama mboga ahame kwa sababu dakika ni shilingi 3. Atakuangalia tu, halafu akupimie sukuma. Hiyo ndiyo mara ya pili Wakenya walichagua mtandao, na tena haikuwa kwa sababu ya kasi wala kushika. Walichagua mahali pesa zilipo. Ilibidi tungoje hadi 2018 ndipo kutuma pesa kutoka mfuko wa kampuni moja hadi nyingine kukawa jambo la kawaida, bila yule mpokeaji kupata meseji yenye kodi ya siri akimbie nayo kwa wakala.

yu haikufika huko. 2014 ilikunja mkeka: wateja wake wakaenda Airtel, milingoti na vifaa vyake vikaenda Safaricom. Ukitaka kuelewa biashara hii, angalia nani alichukua nini hapo. Mmoja alichukua watu, mwingine akachukua chuma.

Sasa tuje kwa intaneti, maana najua ndiyo iliyokuleta hapa. Kabla ya 2009 intaneti yote ya Kenya kwenda ng'ambo ilikuwa inapitia setilaiti. Polepole, na ghali vibaya. Kwenye saiba ulikuwa unafungua picha moja, unaenda kununua mandazi, unarudi unakuta imefika shingoni. Mwezi wa Juni 2009 kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah huko Emirates, ikipita chini ya bahari. Mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa. Mwaka 2010 ikaja EASSy. Safaricom ilikuwa tayari imepata leseni ya 3G mwaka 2007, na baada ya kebo kufika hiyo 3G ikapata kitu cha kubeba. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza neno "kasi" likaingia kwenye matangazo.

Desemba 2014 Safaricom ikawasha 4G Nairobi na Mombasa. Jinsi ilivyopata masafa ya kutumia ni hadithi ya peke yake: serikali iliwapa kama sehemu ya mpango ambapo kampuni ilijenga mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi. Wapinzani walilalamika, na mimi naona walikuwa na haki. Masafa ni kama barabara. Ukipewa barabara mapema kuliko wenzako, si ajabu gari lako likaonekana ndilo la kasi.

Halafu Desemba 2017 ikaja Faiba 4G ya Jamii Telecom, ile ya 0747. Hawa walifanya kitu cha ujasiri: hakuna 2G, hakuna 3G, ni 4G peke yake, na bei ya bando iliyofanya wanafunzi wapige magoti. Lakini kwa kuwa hakukuwa na mtandao wa zamani nyuma yake, hata kupiga simu ya sauti kulihitaji simu inayoweza kupiga juu ya 4G, na simu nyingi mifukoni mwetu wakati huo hazikuweza. Wasee walinunua laini wakiwa wamechangamka, wakaiweka, wakakuta simu inafungua video vizuri lakini haiwezi kumpigia mathe. Wengi waliishia kuiweka kwa kile kifaa kidogo cha kusambaza waifai. Netiweki inaweza kuwa nzuri na simu yako isiweze kuitumia. Hiyo bado ni kweli leo kwa 5G: alama ya 5G kwenye bango haina maana kama simu yako haina antena ya masafa hayo.

Kuna jaribio lingine ambalo mimi hulikumbuka kwa huzuni kidogo. Julai 2020, katikati ya korona, Telkom pamoja na kampuni ya Loon, ndugu wa Google, waliwasha mtandao wa 4G kutoka kwa baluni. Si mzaha. Baluni kama 35, zikielea kilomita 20 hivi juu, zikiendeshwa na upepo, zikilenga eneo la karibu kilomita za mraba 50,000 kuanzia katikati ya nchi kuelekea magharibi. Mlingoti usiohitaji barabara wala dizeli wala mlinzi! Januari 2021 wenyewe Marekani wakatangaza wanafunga, haileti pesa. Mwezi wa Machi Kenya ikazimwa. Hesabu ile ile ya Mwingi, safari hii kutoka mbinguni.

5G yenyewe Safaricom ilianza kuijaribu Machi 2021, ikaifungua kwa biashara Oktoba 2022, na Airtel ikafuata Julai 2023. Na hapa ndipo napata shida na matangazo, kwa sababu yanauza vitu viwili kama kimoja. Kasi na kushika ni vitu tofauti, na mara nyingi vinapigana.

Mawimbi yana tabia. Yale ya chini, kama megahezi 700, 800 ama 900, yanasafiri mbali na yanapenya ukuta, lakini hayabebi mengi. Yale ya juu, kama 2,600 ama 3,500, yanabeba mzigo mkubwa sana lakini yanachoka haraka, na ukuta wa mawe kwao ni kama polisi wa trafiki. 5G ya kasi kubwa hukaa huko juu. Ndiyo maana dukani, mbele ya kioo, mlingoti ukiwa juu ya jengo la pili, laini yangu ilipaa. Na ndiyo maana ndani ya bedsita ya chini ilikufa. Hakuna aliyenidanganya hasa. Niliuziwa namba ya mahali ambapo silali.

Vivyo hivyo na asilimia. Kampuni ikisema inafikia zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya, hiyo ni asilimia ya watu, si ya ardhi. Wakenya wengi tumebanana kusini na magharibi. Turkana na Marsabit, kila moja ni zaidi ya mara mbili ya Rwanda kwa ukubwa, na unaweza kuacha sehemu kubwa sana huko bila mawimbi na bado ramani ya asilimia ikapendeza. Kuna mfuko wa serikali ambao kampuni zinachangia kwa ajili ya kupeleka milingoti sehemu kama hizo, na umepeleka kadhaa, lakini ukisafiri kwenda Moyale utajua mwenyewe kimya kinaanzia wapi.

Hata zile orodha za kimataifa za "mtandao wa kasi zaidi Kenya" zisome ukijua zinatoka wapi. Vipimo vingi vinakusanywa kutoka kwa simu za watu waliojipima wenyewe. Nani hujipima? Mara nyingi ni msee wa mjini mwenye simu nzuri. Susu wangu hajawahi kupima kasi ya jiwe lake. Mamlaka ya Mawasiliano hupeleka magari yenye vifaa kupima ubora wa kampuni zote, na ripoti hizo mimi naziamini zaidi, ila gari hupita barabarani, haliingii chumbani kwako.

Basi unafanyaje? Mimi sasa hufanya hivi. Kabla ya kulipa hata deposti ya keja, nabeba laini mbili za kuazima, naingia ndani kabisa, mahali kitanda kitakaa, nafunga mlango, najipima. Halafu narudi saa mbili usiku, kwa sababu saa nne asubuhi ploti iko tupu na saa mbili usiku kila mtu anaangalia mpira kwenye mlingoti mmoja. Ikiwa mchana inaonyesha megabiti 40 na usiku 2, hiyo 40 ni mapambo. Keateka ataniona kama mwizi, lakini ni sawa.

Na si kushusha tu naangalia. Sisi wa kutengeneza kontenti tunahitaji kupandisha, na namba ya kupandisha mara nyingi ni ndogo mno na haiko kwenye bango lolote. Kwa mahojiano ya video na kwa wale wa gemu, angalia ucheleweshaji, ile namba ya milisekunde. Ikiwa kubwa utaongea na mtu kama mnapeana barua. Halafu jua kwamba megabiti si megabaiti. Gawa kwa 8. Laini ya megabiti 10 inashusha faili ya gigabaiti moja kwa zaidi ya dakika 13, si sekunde. Watu wengi wanadhani wanaibiwa kumbe ni hesabu ya darasa la nne.

Pia usiilaumu kampuni yako kwa kila kitu. Mei 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima tukaona polepole kwa pamoja, bila kujali rangi ya kadi. Waliokuwa na njia mbadala za chini ya bahari walipumua mapema. Hilo ni swali zuri la kuuliza kampuni: siku kebo moja ikikatika, mnapitia wapi? Muulize mhudumu wa dukani uone anavyopepesa macho.

Kwa upande wangu, nimebaki na laini mbili. Moja ina pesa na namba ambayo kila mtu anayo, siwezi kuitoa, hata ingekuwa inanitusi. Nyingine ni ya bando, na hiyo sina mapenzi nayo. Nikihama mtaa, naipima upya, ikishindwa natafuta ingine kwa mbao ama chwani, usajili dakika tano. Ile keja ya chini nilihama. Hii ya sasa iko ghorofa ya tatu, dirisha linaangalia mlingoti uliosimama nyuma ya soko, na kodi imeongezeka kwa ngiri moja na nusu. Naihesabu kama sehemu ya bando.

Desemba iliyopita nilirudi Mwingi. Kuna mlingoti mpya upande wa pili wa kilima, na sasa simu inashika mpaka jikoni, laini mbili tofauti. Nilimkuta susu bado yuko juu ya jiwe lake, mulika mwizi sikioni. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua na netiweki imefika nyumbani. Akaniambia jikoni kila mtu anasikiza mambo yake.